Omotembe wa Mama

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Ijumaa ile nilipobeba birika la chai na viazi vitamu, nikashuka kuelekea shamba la ndugu yangu Ongeri, chini ya boma la wazazi wangu huko Ekerenyo. Mume wangu Mogire alikuwa huko akikata mti. Nilikuwa na haraka, na hasira kidogo. Sabato ilikuwa inaingia, na kwetu sisi Waadventista jua likishazama kazi yote inasimama.

Mwaka ulikuwa 1974. Kila mtu alitaka kupanda majani chai, na Ongeri hakutaka kuachwa nyuma. Lakini kipande kizuri cha shamba lake kilifunikwa na kivuli cha omotembe, ule mti wa maua mekundu ambao wazee wetu walikula kiapo chini yake. Mama alipokuwa hai hakuruhusu mtu avunje hata kijiti chake. Alibatizwa, akaacha pombe, akaacha ugoro, lakini mti hakuuacha. Alipofariki tulimzika karibu nao, na Ongeri akabaki kuutazama mwaka mzima bila kuthubutu.

Mimi ndiye niliyemwambia aache upuuzi. Nilisema ebirecha, hizo roho za wafu, ni hadithi za kutishia watoto. Tena mume wangu ana msumeno wa mashine, ataumaliza mti huo kwa siku moja.

Na Mogire hakuwa mtu wa mchezo. Alifundishwa kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Molo, na mashine ile aliiogopa hata wenzake wakamcheka. Kabla ya kukata aliuzunguka mti akitafuta matawi makavu yanayoweza kumwangukia, akafyeka njia ya kukimbilia. Hakuinua msumeno kupita mabega. Aliushika kwa mikono miwili siku zote. Mtu akikaribia, alizima injini kwanza ndipo amsalimie. Aliniambia mara nyingi kwamba ncha ndiyo inayoua. Ikigusa tawi usiloliona, mashine inaruka nyuma, inakufuata usoni.

"Mama Josiah," alizoea kusema, "hii kitu haina rafiki."

Nilipofika migombani, mti ulikuwa umeshalala chini. Mogire alikuwa anapunguza matawi, peke yake. Ongeri alikuwa amepanda nyumbani kuoga kabla ya Sabato. Mahali pengine Mogire angezima mashine na kumsubiri, maana hakukubali kamwe kukata bila mtu wa pili. Lakini pale alikuwa mkwe, na mkwe hapangii watu mambo kwao.

Ndipo nikasikia harufu.

Ugoro...

Nilisimama. Nyumbani kwetu hakukuwa na mtu wa kunusa ugoro tena. Harufu ilikuwa nzito, ya karibu, kana kwamba mtu alikuwa amenipita muda huo huo akitangulia mbele yangu. Majani ya migomba hayakutikisika.

Kati ya matawi nilimwona Mogire akiinua kichwa. Injini ilikuwa inanguruma. Aliitazama njia inayotoka upande wa kaburi, kisha akainamisha uso haraka na kugeukia pembeni.

Ukiwa Mkisii, kugeuka huko unakujua. Ni chinsoni, ile heshima ya wakwe. Mwanamume akikutana na mama mkwe hamtazami usoni. Anageuza macho, anatoka njiani, anampisha. Mogire alimfanyia mama yangu hivyo tangu anioe hadi siku tuliyomzika.

Lakini njiani hapakuwa na mtu.

Midomo yake ilisogea. Alikuwa anamjibu mtu, polepole, macho chini. Kisha akauachilia msumeno kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha mkono ule, akaelekeza kidole kwangu.

Nilidhani ananionya nisisogee.

Ncha ikagusa tawi.

Sikuona mashine ikiruka, nilimwona tu akianguka. Birika lilinitoka. Nilipofika, msumeno ulikuwa kwenye nyasi bado unanguruma, na niliogopa kupita karibu nao. Nikauzunguka. Nilifungua kitambaa changu cha kichwa, nikakikandamiza shingoni mwake kwa mikono yote, na damu ikapita katikati ya vidole vyangu. Nilipiga nduru nikimwita Ongeri. Niliomba. Sijawahi kumwomba Mungu kitu chochote kama nilivyomwomba uhai wa mtu yule.

Injini ikakohoa. Ikazimika yenyewe.

Kimya...

Mogire alifungua macho. Akatazama juu ya bega langu, kisha akayashusha macho kwa aibu, akajaribu kugeuzia uso udongoni.

"Usigeuke," alinong'ona.

"Baba Josiah, kuna nani?"

"Mama." Alivuta pumzi kwa taabu. "Ameuliza ni nani alileta mimi hapa."

Harufu ya ugoro ilikuwa shingoni kwangu.

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwonyesha wewe." Machozi yalimtoka. "Ningekataa namna gani? Ni mama."

Alikata roho mikononi mwangu. Ongeri alifika mbio, sabuni bado masikioni, akatukuta hivyo. Jua lilikuwa limezama.

Mchungaji alisema ni uchovu na haraka ya kuiwahi Sabato. Wenzake waliotoka Molo walisema ni mkono mmoja, na kufanya kazi peke yake. Sikubishana nao, kwa sababu yote hayo ni kweli. Mama wazee wa kwetu hawakusema neno, ila kwenye mazishi nilikuwa na benchi langu peke yangu.

Baada ya kaburi kufunikwa, Ongeri alinisogelea. Alikuwa amekonda kwa siku chache. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama Mogire aliacha neno lolote, na kama alijua mama amemkasirikia nani. Nilimtazama ndugu yangu. Niliona anaogopa kwamba ni yeye.

Nilimwambia aliomba maji tu.