Vidole vya Kerttu

Kila Jumanne baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la saba walivaa mbao za kutelezea thelujini wakaingia msituni, nyuma ya shule yao kaskazini mwa Finland. Jumanne hiyo kipimajoto kilionyesha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Kerttu alikuja na glavu nene za baba yake. Mwalimu Veikko, aliyewafundisha michezo, alimwamuru azivue.

"Hizo ni za kuvulia samaki kwenye barafu! Vaa kama wenzako."

"Mwalimu, mikono yangu inapoa haraka."

"Acha kudeka!"

"Mwacheni bibi wa sauna, kazoea bafu la mvuke wa moto," mwanafunzi mwenzake Jouni alitania, na wavulana wakaangua kicheko.

Kerttu alivaa glavu zake nyembamba kwa hasira. Kilomita ya pili vidole vilimuuma. Ya tatu havikuuma tena, na hapo ndipo alipoogopa. Kuvua glavu, vidole vinne vyeupe kama mshumaa! Akageuka, akarudi shuleni peke yake. Mwalimu alimwita, yeye akazidi kwenda.

Muuguzi wa shule, Raija, alivitia vidole vyake katika maji ya uvuguvugu. Damu iliporudi, Kerttu alilia kwa maumivu. Veikko akaingia kwa kishindo.

"Huyu amenitoroka!"

"Njoo uone kwanza," Raija alifoka. "Huku ndiko kudeka? Msichana akishavunja ungo, homoni za kike hugusa hata namna mwili unavyotunza joto. Kwenye baridi, mishipa ya mikono hujibana ili damu ilinde moyo. Kwa wasichana wengi hujibana mapema, hasa siku za kabla ya hedhi, maana wakati huo mwili hutaka joto zaidi kidogo ndani."

"Nilikwambia!" Kerttu alimkazia macho mwalimu. "Nilikwambia, ukawaacha wanicheke!"

Veikko aliona haya. "Ni kweli. Nimekosa, Kerttu. Nisamehe."

Jumanne iliyofuata aliyarudia maneno hayo mbele ya darasa zima, akatangaza kwamba kila mmoja avae kinachomfaa. Jouni aliinamisha kichwa.

Raija alimwambia Kerttu, "Hasira yako ilikuwa ya haki. Lakini ulivumilia kilomita tatu. Maumivu hayangoji ruhusa ya mwalimu, binti yangu. Mkubwa mmoja akikataa kukusikia, nenda kwa mwingine, useme upya."