Mkuki Uliotundikwa Msumarini

Gari lilikuwa limeshawashwa, na begi la mama limeshafungwa juu kwa kamba, ndipo Chiriku alipogundua kwamba bado ameshika chupa ya chai ya safari. Akaipitisha dirishani. Mama akaipokea, kisha akamshika kidole kimoja tu, kwa sababu ndicho alichokifikia.

"Ghala nakuachia wewe," mama alisema. "Baba yako ana mikono miwili na ng'ombe wanne. Asubuhi soma namba, jioni soma namba. Umesikia?"

"Sawa."

Gari likaondoka. Mama alikuwa anakwenda mbali, kuuguza wagonjwa kwa mkataba wa miaka miwili. Shangazi alilia mpaka kilemba kikamfunguka. Baba alikohoa, akaingia zizini. Chiriku alisimama palepale akingoja kilio kije. Hakikuja. Akaenda kuosha sufuria.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa akianza kusema kabla hajafumbua macho. Baada ya siku ile akabaki na maneno mawili. Ukimwuliza habari za shule, nzuri. Ukimwuliza kama ameshiba, sawa.

"Siku hizi maneno yake yanapimwa kwa mizani," shangazi alisema, akidhani atamchekesha. Chiriku hakucheka wala hakununa.

Ghala la mabati lilikuwa nyuma ya zizi. Ndani yake mlikuwa na marobota zaidi ya mia mbili ya nyasi kavu, chakula cha ng'ombe cha kiangazi kizima. Vyuma vitatu virefu vilichomekwa katikati ya marobota hayo. Kila chuma kilikuwa na kihisi kwenye ncha, yaani kifaa kidogo kinachopima joto na unyevu kule ndani jicho lisikofika. Nyumbani waliviita mikuki. Nyaya zake zilikwenda kwenye kisanduku kando ya mlango, na kisanduku kilionyesha namba. Chiriku aliziandika ubaoni kwa chaki.

Baba hakulisha kabla ya kusoma ubao. Namba zikiwa ndogo, aliwapa ng'ombe nyasi nyingi na pumba kidogo. Zikipanda upande mmoja, aliacha nyasi za upande huo na kuongeza pumba. Utaratibu huo walifundishwa na daktari wa mifugo, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila buti za mpira. Aliwapa sharti moja: marobota yakipungua, mkuki uchomolewe na kuchomekwa ndani zaidi.

Wiki ya tatu tangu mama aondoke, Chiriku alilifikia robota lenye mkuki wa pili. Akauchomoa ili alitoe. Kuuchomeka tena kulitaka apande juu, auegemee kwa kifua na kusukuma mpaka mikono itetemeke. Akautazama. Ukutani kulikuwa na msumari. Akautundika.

Kesho yake kisanduku kilionyesha namba za mkuki wa pili kama kawaida, tena nzuri. Akaziandika.

Siku moja rafiki yake Kibogoyo alikuja kumsaidia kusukuma toroli. Meno ya mbele ya Kibogoyo yaliota zamani, ila jina lilikataa kuondoka.

"He! Mbona huyu ananing'inia kama popo?" Kibogoyo aliuliza. "Siku hizi mnalisha ng'ombe msumari?"

"Nitaurudisha kesho."

"Kesho ya lini?"

"Kesho."

Halafu ikanyesha mvua isiyo ya msimu, siku mbili mfululizo. Bati moja lilikuwa limelegea upande wa nyuma. Chiriku aliona mchirizi wa maji ukutani. Aliuona kama mtu anavyoona picha ya kalenda, akaandika namba, akaenda shule.

Siku kumi zikapita. Kibibi, ng'ombe ambaye mama alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama yatima, akaanza kuacha chakula. Ananusa, anageuza kichwa. Maziwa yake yakashuka kutoka lita kumi hadi sita. Wenzake walichaguachagua nyasi, lakini yeye alikataa kabisa. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Baba alisimama mbele ya ubao muda mrefu. "Nyasi ni safi," alisema. "Basi mgonjwa ni yeye. Mchinjaji anakuja Jumamosi. Daktari asipoona dawa, nitamtoa angali na nyama."

"Mwambie kwanza mama yake huyu mtoto," shangazi alisema.

"Nimwambie nini, alie huko peke yake?"

Chiriku alikuwa anafagia. Alisikia yote. Akaendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kufagiwa.

Daktari alifika Ijumaa saa nne, shule zikiwa zimefungwa. Alipima joto la Kibibi, akasikiliza tumbo, akafunua kope.

"Homa hana. Tumbo linafanya kazi. Mimi sioni ugonjwa. Chakula je?"

"Chakula hakina neno, daktari," baba alijibu. "Ubao ule pale. Mtoto huyu anaandika asubuhi na jioni. Hajakosa hata siku moja."

Baba alimwekea Chiriku mkono begani. Kibibi naye akanyoosha shingo, akamlamba kwenye kiwiko. Ulimi ulikuwa mkavu kama gunia.

"Baba," Chiriku alisema. "Mkuki wa pili uko msumarini."

"Msumari gani?"

"Wa ukutani. Niliutundika. Siku nyingi. Namba zile si za nyasi."

Daktari akausogelea ubao. "Joto asubuhi nyuzi kumi na nane, jioni ishirini na tisa," alisoma. "Kila siku hivyo hivyo. Ndani ya nyasi hakuna jua linalochomoza na kutua."

"Na mimi mtu mzima nimesoma siku zote hizo," baba alisema polepole, "nisione."

Baba akapanda, akausukuma mkuki ndani. Wote wakakitazama kisanduku. Thelathini na moja. Arobaini. Hamsini na mbili. Namba zikasimama kwenye hamsini na nane.

"Maji mlangoni, ndoo zote," daktari aliamuru. "Nyasi zikilowa zinachemka zenyewe. Ikifika sabini, tunatoka nje na kuita zimamoto."

Haikufika. Walitoa marobota sitini na matatu. Yale ya kati yalikuwa meusi moyoni, yakifuka mvuke. Shangazi aliziba pua kwa kilemba. "Hata mimi ningegoma kula," alisema.

Walipomaliza, Chiriku alisimama kando ya lundo akingoja kipigo. Baba alikaa juu ya ndoo. Daktari ndiye aliyesema.

"Kifaa hakikudanganya, mwanangu. Kilisema ya pale kilipowekwa. Uongo ni pale ulipoandika kana kwamba kiko ndani. Ukichoka, andika umechoka. Ukiuchomoa ukashindwa kuurudisha, andika umeshindwa. Mtu atakuja kukusaidia. Lakini ukiandika nzuri, nzuri, nzuri, nani atajua kwamba ndani kunaungua?"

Baba akainua kichwa. "Na wewe je, habari zako?"

"Nzu..." Chiriku akanyamaza. "Si nzuri, baba."

"Hata zangu," baba alisema. Akasogea, akamwachia nusu ya ndoo.

Tangu siku ile Kibibi alilishwa majani mabichi, pumba, na nyasi za mkuki wa kwanza na wa tatu tu. Baada ya wiki mbili alifika lita tisa. Mchinjaji alikuwa amekuja Jumamosi ile, akanywa chai, akaondoka. Bati lilipigiliwa. Nyasi mbovu zikawa mbolea. Baadaye shangazi alihamia mjini, anashona sare za shule. Daktari alipewa eneo jingine. Kibogoyo amekuwa fundi umeme. Mama alirudi baada ya miaka miwili na miezi minne, chupa ya chai ikiwa haina kifuniko. Kibibi alizaa mara mbili, akafa kwa uzee. Chiriku anasoma namba za maghala ya kijiji kizima, na anaongea kiasi. Mkuki wa tatu uliharibika, ukabadilishwa. Msumari bado upo. Baba anatundika kofia hapo.