Mshono Chini ya Kiti

Kila jioni, binti wa mama mmoja fundi cherehani aliacha vitabu vyake na kwenda kumfungulia baba yake mlango wa gari. Baba alikuwa mrefu kupita kiasi, hata majirani wakamwita Mnara, na gari lao lilikuwa dogo kama kabati. Alishuka kwa awamu: kwanza mguu, kisha kichwa, mwisho mkono ulioshika kiuno. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa kwenye zahanati za mbali. Daktari alimwonya kwamba akiendelea kujikunja vile, mgongo utamtoa kazini kabla ya mwaka kwisha.

Wakaanza kutafuta gari la juu, la ukubwa wa kati, ambalo baba angekaa bila kujikunja. Jumamosi moja walijaribu moja zuri, lakini kichwa cha baba kiligonga paa. Jumamosi iliyofuata, kwenye yadi nyingine, waliona gari la aina ileile, hata rangi ileile. Baba akapanda, akanyoosha shingo. Kati ya kichwa na paa ilibaki nafasi ya vidole vinne.

Muuzaji alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Hili lilikuwa linakusubiri wewe, bosi. Warefu wote wanalisifu."

Baba alifurahi kama mtoto. Binti hakufurahi. Gari ni la aina ileile na baba ni yuleyule. Nafasi imetoka wapi? Alimnong'oneza baba hivyo, naye akamwambia asimharibie siku. Muuzaji alimkata jicho, na kila binti alipotaka kuchungulia ndani, alikuta mtu amesimama mlangoni. Hilo ndilo lililomzidishia shaka.

Baba na muuzaji walipokwenda kutazama injini, aliinama kando ya kiti cha dereva. Mama yake alimfundisha kusoma mshono kabla hajajua kusoma kitabu. Viti vyote vilishonwa kwa mashine, kwa uzi wa kijivu. Chini ya kiti hiki palikuwa na shubiri moja ya uzi mweusi, umeshonwa kwa mkono, tena kwa haraka. Alibonyeza kiti, vidole vikagusa chuma.

"Mtoto anatafuta nini huko?" muuzaji akauliza.

Binti alitamani kunyamaza, lakini akaukumbuka ule mkono wa baba kiunoni.

"Baba, naomba ukae kiti cha abiria. Kidogo tu."

Baba akakaa. Kichwa kikagonga paa, kofia ikamfunika macho. Hakuna aliyecheka. Akashuka, akabonyeza kiti cha dereva kwa mkono wake mwenyewe.

"Sponji iko wapi, bwana?"

Muuzaji aliangalia viatu vyake. Akasema aliipunguza kidogo tu, ili warefu wasikate tamaa mapema.

"Mgongo huu, kutwa nzima juu ya chuma," baba alisema, akamshika binti mkono wakaondoka.

Wiki tatu baadaye walipata jingine, la zamani zaidi, lenye rangi ya matope, lakini paa lake lilikuwa juu kweli. Safari hii baba alikaa viti vyote, kisha akaliendesha saa nzima kabla ya kukubali.

Jioni ya kwanza, binti alikimbia kumfungulia mlango kama kawaida. Alichelewa. Baba alikwisha kushuka, kwa mara moja, mikono yote miwili imebeba maboksi. Mama aliacha cherehani kutazama.

"Ungebaki na shaka tu, ungekuwa mnung'unikaji," akamwambia binti yake. "Wewe uliinama ukachunguza, kisha ukasema kwa adabu mbele ya watu wazima. Fanya hivyo siku zote, mwanangu."