Behewa la Mfano

"Usianzie hapo mlangoni, Cyprian."

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mimi niliyekuwa nimeshika mtungi wa gesi nilijua ni nani kabla sijageuka. Alikuwa Eufrazia, na miaka miwili ilikuwa imepita bila yeye na Cyprian kusemeshana.

Tulikuwa katika uwanja wa karakana yetu ya zamani pale Chang'ombe. Mbele yetu lilisimama behewa la mfano, behewa la kwanza la abiria tulilowahi kutengeneza baada ya miaka mingi ya mabehewa ya mizigo. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye magurudumu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka likatwe lote kufikia Ijumaa, na kwa vile dunia haina haya, fundi aliyeitwa kulikata ni yule yule aliyelichomelea. Mimi Fakihi, niliyelipaka rangi, nilikwenda kumsaidia.

Cyprian akavua miwani ya kukatia.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuliaga behewa. Na nina swali. Jumapili watu wa Projestus wanakuja kuchukua jibu la posa yao. Kabla sijawajibu, nataka uniambie kwa nini uliichukua barua yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Barua hiyo ya posa niliipeleka mimi, mshenga, kwa mama yake, Mama Rosalia. Wiki tatu baadaye nikarudi mimi huyo huyo kuiomba. Kazi hiyo hata adui yako usimtume.

"Sababu unaijua," Cyprian alisema. "Uliandika ufa."

Ngoja nieleze. Eufrazia alikuwa mkaguzi wetu. Kila mchomeleaji alikuwa na muhuri wa chuma wenye namba yake. Akimaliza kuunganisha, anaugonga kwa nyundo pembeni, ili behewa likileta shida ijulikane ni kazi ya nani. Cyprian alikuwa namba kumi na nne. Siku chache kabla watu wa tenda ya mabehewa ya abiria hawajaja kulikagua behewa la mfano, Eufrazia alikuta ufa kwenye maungio ya mlango, pembeni pamegongwa kumi na nne. Akaandika kwenye fomu: imekataliwa. Kazi ya mchumba wake! Karakana nzima ilishika kichwa.

Mwezi haukuisha, tenda ikaenda kwa kampuni ya nje. Geti likafungwa, watu themanini na watatu tukarudi nyumbani na mabuti yetu mkononi. Tulitafuta wa kumlaumu, tukampata. "Aliyetuzamisha," ndivyo tulivyomwita. Nami nilimwita hivyo, sijisifu.

Enzi zile jamani! Saa nne king'ora kikilia tulikaa ndani ya behewa lisilo na viti, chai ya rangi na mihogo ya kukaanga, Cyprian akimwachia Eufrazia kipande kikubwa akidhani hatuoni. Tena tulikuwa na desturi yetu. Behewa likikamilika, kabla halijatoka getini tunapanda wote, hadi wapishi na walinzi, linavutwa mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Safari ya mita mia mbili, tunashangilia kana kwamba tunakwenda Kigoma. Katika safari moja kama hiyo Cyprian alimshika mkono kwa mara ya kwanza. Niliona, nikajifanya nakagua rangi.

"Ufa ulikuwepo, haukuwepo?" Eufrazia aliuliza.

"Ulikuwepo."

"Ulikuwa wako?"

Cyprian akaigeuzageuza miwani mkononi.

"Si nakuuliza?"

"Muhuri ulikuwa wangu."

"Sijakuuliza muhuri, Cyprian."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani.

"Siku ile nilitoroka kazini nikaenda stendi ya Mbezi Luis kumpokea baba mkubwa. Alikuwa anatoka Masasi kuja kuweka sahihi kwenye barua ya posa. Nikamwachia Benson muhuri wangu anichomelee sehemu yangu. Kuazimana muhuri ni kufukuzwa, unajua. Ulipoandika ufa nikaogopa kusema. Karakana ilipofungwa nikaona aibu hata kukutazama. Kukukasirikia ndiyo ikawa rahisi."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haikuwa kazi yako. Wewe unatumia mkono wa kushoto. Yale maungio yalichomelewa na mtu wa mkono wa kulia, niliyatambua nilipoyaona tu. Ningeandika hivyo mngefukuzwa wote wawili siku ile ile. Nikaandika ufa peke yake."



"Kwa hiyo ulininyamazia?"

"Nilikusitiri. Nikajua utasema mwenyewe."

"Eufrazia..."

"Ngoja nimalize. Barua ya kunyimwa tenda niliisoma ofisini kwa meneja. Haikutaja ufa. Ufa ulishachomelewa upya, nikaupitisha mimi mwenyewe kabla ya ukaguzi wao. Wageni waliahidi mabehewa arobaini kwa miezi saba, sie tuliomba miaka miwili. Basi! Nikawaambia watu, nani anisikilize? Wewe wangekusikiliza. Nimepita Tandika sokoni watu niliokula nao wananipa mgongo. Nilikuwa nahitaji useme neno moja tu, Cyprian. Moja."

Akageuka aondoke. Cyprian akaitoa simu mfukoni.

Kundi letu la WhatsApp, Wana Karakana, bado lipo. Siku hizi ni taarifa za misiba na picha za zamani. Akabonyeza kurekodi, akasema kwa sauti iliyomfanya Eufrazia asimame:

"Habari zenu ndugu zangu. Ni Cyprian, namba kumi na nne. Ule ufa haukuwa kosa la Eufrazia, yeye alifanya kazi yake. Kosa langu. Niliazimisha muhuri nikatoroka kazini. Na tenda haikutupotea kwa sababu ya ufa, tulizidiwa na wageni. Miaka miwili nimemwacha abebe mzigo wangu huku namuona. Mniseme mimi. Yeye mwombeni radhi."

Simu ikaanza kulia mfululizo. Benson aliandika: "Braza, na mie nilikaa kimya. Welding ile nilipiga mie. Sista Eufrazia, nisamehe." Tekla, aliyekuwa mpishi wetu, akafuata: "Eufrazia mwanangu, nilikunyima hata salamu. Mungu anisamehe."

Eufrazia alisoma hadi mwisho, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nami nikamwomba radhi hapo hapo, kwa mdomo wangu.

"Naomba niandike barua nyingine," Cyprian alisema.

"Mie siposwi kwenye majani. Nyumbani unapajua."

Akaenda zake. Behewa tulilikata siku mbili zilizofuata. Nililia, na sioni haya kulisema.

Jumapili watu wa Projestus walitarajiwa saa kumi. Sisi tulibisha hodi saa sita, misa imetoka. Nasema sisi kwa sababu Cyprian alikataa katakata kubaki nyumbani, ingawa nilimkumbusha kwamba mshenga ni mimi. Baba mdogo wa Eufrazia, Mzee Petro, aliitikia shikamoo zetu, akatuacha tumesimama katikati ya sebule. Mama Rosalia hakututazama.

"Fakihi," Mzee Petro alisema, "tangu lini muoaji akaleta barua yake mwenyewe? Hiyo mila ya wapi?"

Nikafungua mdomo, Cyprian akaniwahi.

"Ya kwanza nilimtuma mtu ailete, nikamtuma tena aje aichukue, baba. Hii nimeileta mwenyewe. Mkiikataa, nikatalieni usoni."

Mama Rosalia akainua macho. Mzee Petro akakohoa, akaita:

"Eufrazia!"

Alitoka chumbani. Ndivyo desturi ilivyo: binti anaulizwa, na akisema mgeni hamjui, mnaondoka na barua yenu.

"Huyu kijana unamfahamu?"

Alimtazama muda mrefu, mpaka jasho likanitoka mimi nisiyeposa.

"Namfahamu, baba mdogo," akasema. "Mpeni kiti."