Neno Lililoanza na Ka

Programu ilikuwa imezimwa, na bado sauti ilikuwa na kigugumizi.

Mkanda alitazama kioo cha kompyuta, akakitazama kitufe cha programu. Kitufe kile kikizimwa, sauti hupita safi kama ilivyoimbwa. Ndiyo kazi yake na hakina nyingine. Lakini kwenye spika Zumari aliendelea kuimba "Ka-ka-ka-kaa nami," kama mtu anayegonga mlango kwa kucha.

Jina la Mkanda alipewa na wanamuziki, kwa kuwa alianza kazi enzi za kanda. Siku hizi aliitwa prodyuza, na studio yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Zumari, mwimbaji mwenyewe, alitaka neno "kaa" likatwekatwe mwanzoni mwa kiitikio, kwa hiyo tangu asubuhi Mkanda alikuwa akichagua programu ya kufanya kazi hiyo. Alikuwa nazo tatu za majaribio. Ya kwanza ilikata sauti vipande sawasawa kwa kufuata mdundo, safi, lakini haina roho. Ya pili ilikata kwa kubahatisha, mara hivi, mara vile. Ya tatu ilitaka kidole: ukibonyeza inarudia, ukiachia inaachia. Zote alizipima kwa kipande kilekile cha sauti, kama inavyopasa, mara nyingi kupita kiasi.

"Mkanda," Zumari alisema kwa sauti ya chini, akivua visikizio. "Huyu mwanamume aliyemo kwenye wimbo wangu ni nani?"

"Mwanamume gani? Ni programu hiyo. Inashusha sauti."

"Programu gani inakohoa, jamani?"

Mkanda akavaa visikizio. Ka. Ka. Kisha kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejikaza kabla ya neno gumu. Ka. Alikijua. Alikuwa amekisikia tangu utotoni, kwenye kitanda alicholala na kaka yake.

"Nenda kapumzike, dada. Tutaendelea kesho."

"Mbona unatetemeka?"

"Kiyoyozi."

"Kiyoyozi chako kimekufa tangu mwezi uliopita," Zumari alisema. Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kuaga.

Kaka yake Mkanda alikuwa fundi umeme. Nyumbani walimwita Waya. Kama jina lilifuata kazi au kazi ilifuata jina, hakuna aliyekumbuka. Alikuwa na kigugumizi, na katika nyumba yao ulikuwa mchezo wa zamani kumkisia maneno kabla hajayamaliza. Mara nyingi hata yeye alicheka. Miezi minane iliyopita alikuwa humu studioni, juu ya ngazi, kichwa na mikono ndani ya dari, alipoanza kuita: "Ka... ka... ka..."

Swichi kuu ilikuwa ukutani, karibu na kiwiko cha Mkanda.

"Kaka? Kaptula? Kahawa?" Mkanda alisema. "Haya, kahawa. Nakuletea, bwana mkubwa." Akatoka.

Waya hakuwa akinywa kahawa. Mkanda alilikumbuka hilo kabla hajafika mlangoni. Alilikumbuka, akaendelea kutembea, kwa sababu utani ulikuwa umemnogea. Neno lilikuwa "kata". Kata umeme.

Mama yao alipouliza Waya alikufaje, Mkanda alijibu: "Ilikuwa ghafla, mama. Hakusema kitu." Mama akamshika mkono, akasema afadhali, basi mwanangu hakupata muda wa kuogopa.

Sasa, peke yake chumbani, jua la alasiri likiwa bado dirishani, Mkanda alizima kompyuta. Sauti haikukoma. Akachomoa waya wa spika, na sauti haikukoma, ila ilihama, ikatoka kwenye spika ikapanda ukutani, ikapita nyuma ya magodoro aliyoyabandika kuzuia mwangwi, ikaingia darini, na kutoka huko ikashuka harufu ya plastiki ya waya unaoungua, nzito, inayokaa kwenye ulimi, huku ile "ka" ikienda sawasawa kama programu ya kwanza, kisha ikivurugika kama ya pili, kisha ikisimama na kuanza kama ya tatu, kama kwamba huko juu kuna kidole kinachobonyeza na kuachia, kinajifunza, kinachagua. Alifungua kinywa amwite mwenye duka la rangi. Kilichomtoka ni "Ka... ka..."

Kesho yake alikwenda kwa Bi Mkunga. Mama huyu alikuwa mkunga kweli kabla ya kuwa mtaalamu wa kupunga majini, na jina lilimbakia. Alipanda studioni polepole, akakaa kwenye kiti cha Mkanda, akasikiliza dari kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Huyu si kaka yako," alisema. "Kaka yako amepumzika. Hili ni jini. Limekuta neno limeachwa nusu, likaingia humo. Nawe kutwa nzima unaliambia kaa, kaa, kaa. Ulitaka lifanye nini?"

"Li-li-liondoke, bibi."

"Limalizie hilo neno mbele ya uliyemficha. Nani?"

Mkanda aliangalia sakafu. "Ma-mama."

"Usipomwambia, utabaki na hiyo sauti moja tu."

"Na likitoka, bibi, li-litakwenda wapi?"

Bi Mkunga aliinuka, akatengeneza mtandio wake. "Wewe sema kwanza."

Mama alikuwa sebuleni akipindia pazia kwa mkono. Alipomwona mwanawe hawezi hata kusalimu, aliweka sindano chini. Mkanda alipiga magoti mbele yake. Ka, alisema. Ka. Mama hakumkisia neno. Alimkodolea macho tu, na uso wake ukaanza kubadilika kabla ya neno kufika, na Mkanda aliona kwamba bado angeweza kutikisa kichwa, akanyamaza, akawa bubu mwenye mama.

"Kata umeme," alisema. "Alisema kata umeme. Nilimsikia. Nikamfanyia mzaha, nikatoka."

Koo likafunguka. Akayasema yote, ngazi, kiwiko, kahawa, maneno yakimtoka laini kama maji, na kwa mara ya kwanza tangu jana akasikia barabara, pikipiki, watu. Alijionea haya kwa jinsi alivyojisikia mwepesi.

Mama aliliondoa pazia magotini.

"Rudia," alisema.

Mkanda akarudia.

"Rudia. Na hiyo ya kahawa."

Akarudia, na hiyo ya kahawa.

"Rudia."

"Mama, nimekwisha kusema. Nisamehe, mama yangu."

"Ru..." alisema mama. Akameza mate, akajaribu tena. Mkono wake ulipanda kooni. "Ru... ru... ru..."

Sebuleni kukaanza kunuka plastiki inayoungua. Mkanda alijua neno ni lipi, lakini hakuthubutu kumsaidia. Alibaki pale chini, magoti sakafuni, akimsubiri mama yake amalize. Na taa za barabarani zilipowaka, bado alikuwa akisubiri.