Tulipima Benchi Kama Mbuzi

Mchana mabati ya nyumba yetu hapa kambini Kakuma yanachoma kama kikaango. Jioni sote tunahamia uani. Ndiyo maana mwaka 2012 tulitaka benchi la mbao. Binti yangu Ayak alikuwa na mimba ya miezi sita, na kukaa chini kwenye mkeka kulimuumiza mgongo.

Nilienda sokoni na mume wangu Makuei. Fundi alikuwa na mabenchi mawili.

"Ejok, mzee! Chagua," alitusalimu kwa Kiturkana.

Makuei akainua moja, kisha la pili, vile anavyopima mbuzi.

"Hili jepesi limekonda," alisema. "Hili zito limeshiba. Tunachukua hili."

Tulicheka. Hata mimi niliamini zito ndilo lenye nguvu.

Tukaliweka juani, miguu kwenye mchanga. Baada ya wiki chache likaanza kulia, kwii, kwii. Nilisikia, nikasema ni benchi tu. Mama mwenzangu, usiseme hivyo!

Siku moja Ayak alikaa na chai yake. Mguu mmoja ukachomoka. Nilimdaka kwapani kabla hajafika chini. Chai yote ilinimwagikia. Nilimfikiria yule mtoto tumboni.

"Mama, niachilie sasa," Ayak alisema. "Unanibana kuliko mimba."

Nikamwita jirani yetu Clotilde, mama Mkongo ambaye ni seremala. Aliushika ule mguu, akautazama.

"Baba Ayak, ulipima mbao sawa mbuzi?"

"Mbuzi mzito ni mzuri," Makuei alijibu.

"Mbuzi, ndiyo. Lakini huu mti ulikuwa mubichi. Ule uzito ni maji. Jua limeyanywa, mbao imesinyaa, miguu imelegea."

"Sasa mtu anunueje?" nikauliza.

"Weka shavu. Mbao mbichi ina ubaridi. Gonga na kidole. Kavu inaitika, mbichi inanyamaza. Tingisha miguu. Halafu kaa juu yake mbele ya fundi. Akikasirika, muachie benchi yake."

Mbao zetu zilikuwa zimekauka sasa. Clotilde alichonga upya ncha za miguu, akatia gundi, akaunganisha miguu kwa vipande vya mbao. Tukalihamishia kivulini. Kila mguu tukauwekea jiwe bapa, mchwa wasipande kutoka mchangani.

Makuei akaleta mkebe wa oili chafu ya gari. "Hii inafukuza mchwa kabisa!"

"Na mjukuu wako akiilamba benchi?" Clotilde alimuuliza. "Hiyo ni sumu. Inachafua nguo pia. Nunua mafuta ya linsidi dukani, yale ya kupaka mbao. Paka kidogo na kitambaa, panguza, acha ikauke kabisa. Rudia kila ikipauka."

Makuei aliubeba mkebe wake, akaurudisha alikoutoa.

Tangu hapo kila Jumamosi natingisha miguu yote minne. Wananicheka, sijali. Nawe tingisha benchi lako leo, kabla mwenye mimba hajalikalia.

Mwanzoni mwa 2013 Ayak alijifungua msichana. Akina mama wa kanisa walikuja na ngoma. Wanne walijibana kwenye benchi, wanene wote, wakaimba wakipiga makofi na kuyumba. Benchi halikusogea hata kidogo.

"Na mimi nikae wapi?" Makuei akauliza.

"Baba, wewe simama," Ayak alisema, akampa mtoto. "Cheza na mjukuu wako."

Akacheza.