Kona ya Mzee Rongo

Kwetu Matavera, kijiji cha kisiwa kidogo kilicho mbali kaskazini-mashariki ya New Zealand, asubuhi huanza kwa majogoo na pikipiki. Majogoo hawana mwenyewe. Pikipiki zina wenyewe, na wenyewe ni kila mtu: mchungaji, nesi, bibi anayekwenda kanisani na kofia yake kubwa ya ukili. Kisiwani hapa mwanamke asiyeendesha pikipiki hushangaza watu kama mpishi asiyejua kukuna nazi.

Akaiti ndiye aliyekuwa hajui. Ni mama mtu mzima, mikono yake imezoea matope ya shamba la taro, magimbi yetu, lakini pikipiki alikuwa hajawahi kuishika. Mama yake, Upokoina, alimkataza. Baba yake, Mzee Rongo, alikufa kwa pikipiki kwenye kona iliyo mbele ya nyumba yao wenyewe. Alikuwa anatoka harusini. Kichwani hakuvaa helmeti. Alivaa shada la maua meupe ya tiare yanayonukia, maana helmeti huponda maua, na wanaume wetu hawapendi maua yao yapondwe.

Alizikwa uani, mbele ya nyumba, kama tunavyozika wote. Kaburi lake jeupe liko sambamba na la mama yake mzazi. Njia inayotoka bondeni inapinda hapo hapo. Iko karibu mno na makaburi, hata mtu aliye juu ya pikipiki anaweza kunyoosha mguu akayagusa.

Na ukoo ule una desturi yake. Hupiti makaburi yale bila kugeuza uso, ukawatazama na kuwasalimu. "Ukimpita mtu wako ukiangalia kwingine," bibi yao alikuwa akisema, "umemwambia humjui." Watoto wa nyumba ile hugeuza shingo hata wakibebwa mgongoni. Sitanii.

Kwa miaka mingi Akaiti aliishi hivyo bila shida. Kaka yake, Tere, ndiye aliyeendesha. Ndiye aliyempeleka Mama Upokoina kliniki, kwa kuwa Mama ana kisukari na mguu wake wa kushoto una kidonda. Kisha Tere akaenda New Zealand kuchuma matunda. Basi la kuzunguka kisiwa haliingii bondeni. Majirani wenye gari walisaidia mara moja moja, lakini kila mtu ana kazi yake.

Kidonda kikaanza kunuka.

Nesi alikuja siku moja, akakifungua. Akasema, "Mama, hiki kinataka kusafishwa kliniki kila baada ya siku moja. Ukikosakosa, mguu huu utakatwa. Nakwambia sasa ili usije ukasema sikukwambia."

Usiku ule Akaiti hakulala. Alfajiri alifungua banda, akafunua turubai. Ndani ilikuwamo pikipiki nyekundu ya baba yake. Tere alikuwa ameitengeneza na kuitunza vizuri. Iliwaka mara moja, kana kwamba ilikuwa ikimsubiri.

"Akaiti!" Mama aliita kutoka barazani. "Hiyo ndiyo iliyomuua baba yako."

"Najua, Mama. Lakini mguu wako unaondoka huku tunauangalia."

Mama aliutazama mguu wake.

Kuwasha na kuweka gia alionyeshwa na binamu yake. Uani alizunguka vizuri. Akatoka njiani, polepole, jua likiwa limekwisha toka. Alipofika kwenye kona aligeuza uso, akasema, "Habari za asubuhi, Baba."

Pikipiki ikavutwa.

Hivyo ndivyo alivyosimulia baadaye, naye si mtu wa kutia chumvi. Alisema usukani uligeuka wenyewe kuelekea kaburini, kama mtu ameushika upande wa pili. Gurudumu liligonga ukingo wa saruji. Akaiti akaanguka majanini. Injini ikazima. Upepo nao ukakatika, minazi ikatulia kimya. Ndipo akasikia harufu ya tiare, kali, kama ya shada jipya. Na mti wa tiare uliokuwa pale, Mama alikwisha ukata siku ya mazishi.

Akaiti akajiinua, akajipangusa, akajaribu tena kesho yake. Akavutwa. Akaanguka pale pale, na harufu ikawa pale pale. Siku nyingine alishikilia usukani mpaka vidole vikamuuma. Haikusaidia. Safari hiyo mbwa wa jirani alikuja akasimama njiani, akabweka. Hakumbwekea Akaiti. Aliitazama siti ya nyuma, pasipo mtu, manyoya ya shingo yamesimama.

Habari zikaenea kijijini. Shangazi mmoja alikuja na mkate wake wa shelisheli na maneno yake.

"Rongo hataki," alisema. "Alisema binti zake hawatapanda chombo hicho. Sasa anamwita huyu."

"Anamwita wapi?" Akaiti aliuliza.

"Wewe unadhani wapi?"

Mimi, jirani yao, nilikuwa nimekaa pale, nikaitazama ile kona. Mama Upokoina aliuvuta mguu wake chini ya kitenge alichojifunika miguuni. Akasema taratibu, "Acha, mwanangu. Bora mguu mmoja uende kuliko wewe mzima."

Akaiti alilia siku ile. Alilia kwa hofu, na kwa hasira pia. Ni uchungu kumwogopa baba uliyempenda.

Aliyeokoa jambo hili ni Tuaine. Tuaine anafanya kazi kwenye duka la kukodisha pikipiki, na kazi yake ni kuwafundisha wageni wasivunje shingo zao. Ana sauti ya kwaya na mdomo usio na breki. Alisikia habari, akaja bila kuitwa.

"Iko wapi hiyo pikipiki yenye shetani?"

"Usicheze, dada," Akaiti alisema.

"Sichezi. Nitaanza na vyuma. Shetani atangoja foleni."

Akakagua matairi, upepo umo. Akabana breki ya mbele na ya nyuma, zote zinashika. Akauzungusha usukani kushoto na kulia, laini. Akamtazama Akaiti kuanzia juu mpaka chini. Akaiti alikuwa peku, amefunga pareu, kanga ya kwetu, kiunoni, ncha yake inaning'inia.

"Chombo kizima. Wewe ndiye mbovu," Tuaine alisema. "Kitambaa hiki kikiingia kwenye gurudumu kitakuangusha kabla ya marehemu yeyote. Kavae suruali na viatu vya kufunika vidole. Na hii hapa helmeti. Funga mkanda chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa ni sufuria tu."

Wakaenda kwenye uwanja wa raga, asubuhi ya ukungu. Mlima wa nyuma ya kijiji ulikuwa haujaonekana. Tuaine alimfundisha kuanza taratibu, na kubana breki zote mbili pamoja, kidogo kidogo, bila kushtua ya mbele. Alimfundisha kuachia mkono wa mafuta anapoogopa, kwa sababu mwenye hofu hukaza ngumi, na ngumi ikikazwa pikipiki hukimbia. Akaiti alishika haraka.

Kisha Tuaine akaokota nazi kavu, akaiweka katikati ya uwanja.

"Njoo mpaka hapa, uipite pembeni. Lakini usiache kuitazama. Ikazie macho."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Uwanja ulikuwa mpana wa kutosha kanisa zima. Akaiti alikuja polepole, macho kwenye nazi. Alitaka kupita kulia. Mikono ikakataa. Usukani ukageuka wenyewe, vile vile kama kwenye kona. Gurudumu likagonga nazi, nazi ikaruka, na Akaiti nusura aanguke. Akasimama.

"Umeona? Amenifuata mpaka huku!"

Tuaine akaichukua nazi, akaiweka sikioni kama anayesikiliza. "Na hii nazi ni marehemu wa nani?"

Akaiti aliitazama nazi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Pikipiki hufuata macho. Unapoangalia, kichwa kinageuka. Kichwa kikigeuka, bega linafuata, na bega linausukuma usukani bila wewe kujua. Wageni wangu wakiogopa mnazi hukodoa macho kwenye mnazi, na mnazi ndio wanaougonga, wakati njia yote iko wazi. Sasa rudi. Nazi iko pale pale. Safari hii tazama nguzo ya goli, kule unakotaka kwenda. Nazi ijue tu kwamba ipo."

Akaiti akarudi, macho kwenye nguzo. Nazi ikapita pembeni kwa upole, kama kitu kisicho na habari naye. Akarudia. Akarudia tena. Akaanza kucheka peke yake ndani ya helmeti.

"Na ile harufu?" aliuliza baadaye. "Na yule mbwa?"

Tuaine alikuna shavu. "Harufu sijui. Mbwa muulize mwenyewe. Mimi nafundisha pikipiki."

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakiikokota pikipiki. Mama Upokoina alikuwa barazani. Tuaine akamweleza yote, ya nazi na ya macho. Mama alisikiliza bila kukatiza.

"Kwa hiyo asimsalimu baba yake?" akauliza mwishowe.

"Amsalimu, Mama. Ila asigeuke."

"Ukoo huu hugeuka. Hata Rongo aligeuka."

Tuaine alikuwa anainua kikombe cha chai alichokaribishwa. Akakirudisha mezani. "Aligeuka lini, Mama?"

Mama alitazama kona. Ukungu ulikuwa bado umelalia makaburi, unaonekana ule weupe tu.

"Siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilimwona anakuja mbio, shada kichwani, anaimba. Lilikuwapo kaburi moja tu wakati huo, la mama yake. Akageuza uso kumsalimu." Alinyoosha kidole kwenye kona. "Pikipiki ikaenda moja kwa moja pale alipokuwa akitazama. Nikasema mama mkwe amemchukua mwanawe. Miaka yote hii nasafisha kaburi lile huku namlaani moyoni."

Mama akajifunika uso kwa viganja vyake. "Masikini mama wa watu," alisema. "Masikini Rongo. Alikuwa anasalimu tu."

Akaiti alikaa miguuni pake. Anasema ile ndiyo saa aliyoogopa kuliko zote. Aliwaza kwamba katika ile kona hapakuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na adabu yao wenyewe, inawangoja mmoja baada ya mwingine.

Mama alijifuta macho. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mwenye nyumba. "Basi kuanzia leo, wa nyumba hii akiwa juu ya pikipiki, mdomo utasalimu na macho yatabaki njiani. Anayetaka kuwatazama asimame, azime, ashuke. Wao hawana haraka."

Siku chache baadaye Akaiti alikwenda polisi kufanya mtihani wa leseni. Alizunguka vizuizi vyote bila kugusa hata kimoja. Askari alimuuliza amefundishwa na nani. "Na nazi," alijibu, na askari akadhani anadharauliwa.

Tere, kwa simu, alisema yeye siku zote alisimama pale ndipo asalimu. Alimtaka dada yake afanye mazoezi kwanza bila abiria, na Akaiti alitii mpaka Tuaine aliporidhika. Ndipo ikafika asubuhi ya kumbeba Mama.

Helmeti mbili, mikanda imefungwa. Mguu wenye kidonda umefungwa vizuri na kuwekwa juu ya kikanyagio, mbali na ekzosi yenye moto. Mama akamkumbatia binti yake kiunoni. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha njia inang'aa.

"Ukipinda, inama nami," Akaiti alisema. "Usijikaze kinyume."

"Endesha, wewe. Mimi nilipanda hivi kabla hujazaliwa."

Kona ikaja. Akaiti alipunguza mwendo mapema. Mwishoni mwa kona pana mti wa shelisheli, na macho yake aliyapeleka huko akayaacha huko. Weupe wa makaburi ulikuwa pembeni, ukisogea. Shingo ilimuuma kwa kutaka kugeuka. Shingo ile ilikuwa imefundishwa tangu utotoni.

"Habari za asubuhi, Baba!" alisema kwa sauti. "Habari za asubuhi, Bibi!"

"Rongo," Mama alisema nyuma yake, taratibu, "tunapita."

Upepo ukakatika. Harufu ya tiare ikaja, ikajaa ndani ya helmeti. Pikipiki ikazidi uzito kidogo, kama vile mtu mwingine amepanda nyuma. Akaiti hakukaza ngumi. Mti wa shelisheli ulikuwa unakuja, naye aliuendea.

Kisha kona ikawa imeisha, njia ikanyooka kuelekea baharini, na uzito ukarudi kuwa wa watu wawili.

Kidonda cha Mama Upokoina kilichukua muda mrefu, lakini kilifunga. Nesi alikibonyeza pembeni, akasema, "Mguu huu ni wako, Mama. Nenda nao nyumbani." Siku hizi wanawake wengine wa bondeni wanajifunza uwanjani kwa Tuaine, na ile nazi bado inatumika, imepasuka upande.

Lakini ile asubuhi ya kwanza, walipoiacha kona, Akaiti alimsikia mbwa wa jirani njiani nyuma yao. Hakubweka. Alikuwa analia ile sauti nyembamba ya furaha ambayo mbwa humlilia mtu wa nyumbani aliyerudi.

"Mama," Akaiti aliuliza, "anamlilia nani?"

"Angalia mbele, mwanangu," Mama alisema.

Akaangalia mbele.